Kompyuta ya gari isipojibu: pa kuanzia kabla ya kusema imekufa

Gari linapiga stata vizuri, injini inazunguka, lakini haiwaki. Fundi anachomeka mashine ya kupimia, anachagua mfumo wa injini, anasubiri, na kioo kinaandika kwamba hakuna mawasiliano. Anachomoa, anachomeka tena, jibu ni lile lile. Hapo ndipo hutoka ile kauli ambayo mwenye gari huiogopa kuliko zote: kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, limekufa.

Huenda ni kweli. Lakini kauli hiyo mara nyingi hutolewa kwa ushahidi mmoja tu, nao ni ukimya. Na ukimya una maana moja tu iliyo ya uhakika: mashine imeuliza na haikusikia jibu. Kati ya mashine na boksi kuna soketi, fyuzi, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), ethi (njia ya kurudi kwenye hasi ya betri kupitia bodi la gari), mita kadhaa za nyaya, na katika magari ya sasa kuna hata kompyuta nyingine inayopokea maswali na kuyapeleka ndani. Kimoja chochote kati ya hivyo kikikatika, boksi zima na boksi lililoungua yataonekana sawasawa kwenye kioo cha mashine.

Ndiyo maana nashikilia kwamba boksi lenyewe liwe la mwisho kushukiwa. Si kwamba haliungui, linaungua. Ni kwamba kila kinacholizunguka kinaweza kupimwa kwa mita ya kawaida, ilhali ubovu wa boksi hujulikana baada ya vingine vyote kuonekana vizima.

Dalili za bure

Kabla ya kufungua chochote, fungua swichi, yaani geuza ufunguo hadi ON, bila kupiga stata na utazame dashibodi. Taa ya injini inatakiwa kuwaka. Katika magari ya zamani kidogo taa hiyo huwashwa na kompyuta ya injini moja kwa moja, hivyo isipowaka una sababu nzuri ya kuamini kwamba kompyuta haijaamka. Katika magari mapya dashibodi inaweza kuiwasha yenyewe ikikosa mawasiliano na injini, kwa hiyo taa kuwaka peke yake hakuthibitishi kitu. Sikiliza pia upande wa tangi: katika magari mengi ya petroli, kompyuta ikiamka huamuru pampu ya mafuta ifanye kazi kwa sekunde chache kujaza presha. Ukisikia mlio huo, kuna uhai ndani.

Kisha iulize mashine mifumo mingine. Je, inasoma breki za ABS? Mifuko ya hewa? Gia? Kama inasoma yote isipokuwa injini, tatizo liko karibu na boksi la injini. Kama haisomi hata mmoja, usiliguse boksi la injini kwanza. Tazama soketi ya kupimia. Ina pini 16. Pini ya 16 huleta umeme wa betri, pini ya 4 na ya 5 ni ethi. Fyuzi inayolisha pini ya 16 mara nyingi ndiyo hiyo hiyo ya kiwashio cha sigara, ambacho watu huchomekea chaja za kila aina mpaka fyuzi ikakatika. Mashine isipowaka kabisa ikichomekwa, anza na fyuzi hiyo. Na ijaribu mashine yenyewe kwenye gari lingine zima. Kebo za mashine huvunjika kwa ndani.

Kama ABS au gia zinasomeka, soma kodi zao, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa. U0100 maana yake ni kwamba kifaa kilichoihifadhi hakikuipata kompyuta ya injini kwenye mtandao. Hiyo ni lawama ya jirani. Inakuambia nani hakusikika, haikuambii kwa nini. Nimeona watu wakiichukulia kodi hiyo kama hati ya kifo, na haina mamlaka hayo.

Ukifungua swichi na mashine ikazungumza na boksi la injini bila shida, ila gari haliwaki na alama ya ufunguo inapepesa, habari ni nyingine kabisa. Hiyo ni imobilaiza, kinga ya wizi. Boksi liko hai, limekataa tu kuruhusu mafuta au moto kwa sababu halijautambua ufunguo.

Boksi linaamkaje

Ili kompyuta ya injini ifanye kazi inahitaji umeme kwa njia zaidi ya moja. Kuna waya wa kudumu kutoka kwenye betri, unaolinda kumbukumbu hata gari likiwa limezimwa. Kuna waya wa swichi, ambao ndio unaoiambia iamke. Halafu kuna rilei kuu, na hapo ndipo wengi hupotea, kwa sababu katika magari mengi rilei hiyo huamrishwa na kompyuta yenyewe. Ukifungua swichi, boksi hupata ishara, huupeleka upande mmoja wa koili ya rilei kwenye ethi, rilei inagonga, na umeme mkubwa unarudi kwenye boksi kwa pini nyingine, ukielekea pia kwenye nozeli, koili za moto na sensa kadhaa.

Kwa hiyo rilei kuu isipogonga kuna uwezekano wa namna tatu: rilei ni mbovu, ishara ya swichi haifiki kwenye boksi, au boksi limeshindwa kuamuru. Kubadilisha rilei na kuona gari bado haliwaki hakutenganishi uwezekano huo. Ing'oe na upime soketi yake. Pini moja ya umeme mkubwa iwe na volti za betri, na upande mmoja wa koili vilevile. Kisha unganisha zile pini mbili za umeme mkubwa kwa waya mfupi wenye fyuzi ya ukubwa ule ule wa saketi hiyo, fungua swichi, na uulize tena kwa mashine. Boksi likijibu, umeshajua kwamba liko hai, na kazi iliyobaki ni kutafuta kwa nini rilei haikubonyea.

Betri nayo isisahaulike kwa kuwa ni jambo la kawaida mno. Ikiwa imepumzika isome takriban volti 12.6. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6 au karibu na hapo. Chini zaidi ya hapo boksi linaweza kujizima na kujiwasha katikati ya mzunguko, mashine ikapoteza mawasiliano, na mtu akaanza kufungua wayaringi nzima kwa kosa la betri.

Volti 12 zinazodanganya

Hili ndilo ningependa msomaji aondoke nalo hata kama atasahau mengine yote. Mita ya volti haitumii karibu umeme wowote inapopima. Waya wenye nyuzi nyingi ukiliwa na kutu mpaka ukabaki uzi mmoja, mita itakuonyesha volti 12 kamili kwenye pini ya soketi ya boksi iliyochomolewa. Fundi anaandika kwamba umeme upo, ethi ipo, boksi bovu. Ni kama bomba la maji lililoziba likabaki na tundu la sindano: koki ikiwa imefungwa presha ni kamili, ukiifungua yanatoka matone.

Dawa yake ni kupima huku waya ukiwa na mzigo. Chukua balbu ya taa ya breki ya wati 21, iunganishie nyaya mbili. Balbu hiyo huvuta karibu ampea 1.75, mzigo unaotosha kuufichua waya mgonjwa. Chomoa soketi ya boksi, tafuta kwenye mchoro wa wayaringi pini za umeme na za ethi, weka balbu kati ya pini ya umeme na hasi ya betri. Balbu iwake kwa nguvu yake yote, na mita ikiwekwa sambamba nayo isome karibu na volti za betri. Ikiwaka kwa ulegevu, au mita ikashuka hadi 9 au 7, umeupata ugonjwa. Rudia kwa kila pini ya umeme, swichi ikiwa wazi; ile inayolishwa na rilei kuu ipime huku ule waya mfupi wenye fyuzi ukiwa kwenye soketi ya rilei, maana boksi lililochomolewa haliwezi kuiamuru. Kisha geuza: balbu kati ya chanya ya betri na kila pini ya ethi, moja baada ya nyingine. Boksi huwa na ethi kadhaa, na moja ikiwa nzima haimaanishi zote ni nzima.

Ethi ina kipimo kingine kizuri, boksi likiwa limechomekwa na swichi iko wazi. Weka ncha nyekundu ya mita kwenye waya wa ethi wa boksi, nyeusi kwenye kichwa cha hasi cha betri chenyewe. Isome chini ya volti 0.1. Mtu apige stata huku ukiangalia. Ikiruka hadi nusu volti au zaidi, ethi ina ukinzani mahali fulani: boliti iliyofungwa juu ya rangi, kichwa cha waya chenye kutu, au ule mkanda wa ethi kati ya injini na bodi ambao uliachwa bila kurudishwa injini iliposhushwa. Hili la mwisho ni la kawaida mno, na linaudhi, maana mwenye gari anaambiwa anunue boksi kwa sababu ya kipande cha waya kilichobaki sakafuni.

Tahadhari mbili. Balbu hiyo ni ya pini za umeme na za ethi peke yake. Usiipeleke kwenye waya wa sensa, wa volti 5 au wa mtandao, utaharibu kilichokuwa kizima. Na usisukume ncha nene ya mita kwenye tundu la soketi ya boksi. Vile vibati vya ndani ni vyembamba. Vikishatanuliwa havibani tena, na utakuwa umetengeneza tatizo jipya la kuja na kuondoka ambalo litamsumbua fundi atakayekufuata. Tumia pini nyembamba ya saizi ile ile, au pima kwa kupenyeza sindano nyuma ya soketi.

Ukiwa hapo, itazame hiyo soketi kwa tochi. Rangi ya kijani kwenye pini ni kutu ya shaba. Pini iliyopinda au iliyorudi nyuma huonekana ukilinganisha urefu wake na wenzake. Na kama unakuta mafuta ya injini ndani ya soketi, usishangae: sensa au soleneidi inayovuja inaweza kuyaingiza mafuta kwenye waya, yakasafiri ndani ya plastiki, katikati ya nyuzi, mpaka kwenye boksi. Kusafisha soketi bila kubadilisha sensa inayovuja ni kazi ya kurudiwa.

Sensa moja inapoangusha kila kitu

Umeme ni mzima, ethi ni nzima, boksi bado kimya. Hapa kuna kisa ambacho hakifahamiki vya kutosha. Boksi hutengeneza volti 5 na kuzigawa kwa sensa nyingi: ya kanyagio la mafuta, ya presha ya hewa, ya presha ya mafuta, na katika magari kadhaa ya mzunguko wa injini. Sensa hizo huchangia laini moja au mbili. Moja ikipiga shoti ndani yake, volti 5 zinashuka hadi karibu sifuri kwa zote, na kuna maboksi ambayo hapo hapo huacha kufanya kazi na kuacha kuongea na mashine. Ukilitazama kwa nje utasema limekufa, kumbe limebanwa.

Kulitambua ni rahisi. Tafuta sensa inayofikika kwa urahisi, fungua swichi, pima waya wake wa volti 5. Ukikuta 0.2 badala ya 5, acha mita hapo hapo na uanze kuchomoa sensa nyingine moja moja, ukitupia jicho mita kila mara. Siku zote mshukiwa anayesahaulika ni sensa ya presha ya gesi ya kiyoyozi, ambayo haina uhusiano wowote na injini kuwaka lakini mara nyingi hula kwenye laini ile ile, na imekaa mbele ambako maji na mawe huifikia kwanza. Mita ikiruka ghafla hadi 5 baada ya kuchomoa kitu, umekipata. Zikichomolewa zote na bado hakuna kitu, zima swichi, chomoa betri, chomoa soketi ya boksi, na upime ukinzani kati ya waya huo na ethi. Ukikuta karibu sifuri, waya umechubuka mahali na kugusa chuma. Ukikuta waya mzima lakini boksi halitoi volti 5 hata likiwa halina sensa yoyote, hapo shutuma dhidi ya boksi zimeanza kupata uzito.

Njia ya kuongelea

Magari mengi ya sasa hutumia mtandao wa CAN, ambao kompyuta za gari huongelea, uliobuniwa na Bosch na kutangazwa mwaka 1986 huko Detroit. Nchini Marekani magari mapya madogo yalilazimika kuutumia kwa upimaji kuanzia modeli za mwaka 2008. Ni nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, na kwenye kila ncha ya mtandao kuna kikinzani cha omu 120. Viwili vikiwa sambamba vinatoa omu 60, na namba hiyo moja hukuambia mengi.

Chomoa betri, subiri kidogo, weka mita kati ya pini ya 6 na ya 14 za soketi ya kupimia. Karibu 60 ni nzuri. Ukipata 120, ncha moja haipo: waya umekatika au kifaa cha mwisho hakigusi. Karibu na sifuri, nyaya mbili zimegusana. Ukipata 40, kuna vikinzani vitatu, na huenda mtu alifunga kifaa cha gari lingine ambacho kina kikinzani chake. Katika magari mengi boksi la injini ndilo lenye kikinzani kimoja, na hilo linakupa jaribio zuri: pima, kisha chomoa soketi ya boksi. Namba ikipanda kutoka 60 kwenda 120, nyaya za mtandao zinafika kwenye boksi bila tatizo. Isipobadilika, au ilikuwa 120 tangu mwanzo, nenda ukapime kwenye soketi ya boksi yenyewe.

Kwa swichi ikiwa wazi, pini ya 6 isome juu kidogo ya volti 2.5 na ya 14 chini kidogo ya hapo; jumla yake iwe karibu 5. Zote mbili zikiwa sifuri au zikiwa juu kabisa, mtandao umeshikwa na kitu. Kifaa kimoja kibovu kinaweza kuwanyamazisha wote. Chomoa vifaa kimoja kimoja mpaka mtandao urudi, na anza na vilivyoongezwa baada ya gari kutoka kiwandani: alamu, kifaa cha kufuatilia gari, redio. Hao wana historia.

Kuna mtego hapa. Magari mengi mapya yana kompyuta ya lango kati ya soketi ya kupimia na mitandao ya ndani. Unachopima kwenye pini ya 6 na ya 14 ni kipande cha kutoka kwenye soketi hadi langoni tu, na ukinzani wake unaweza usiwe 60 hata gari likiwa zima. Bila mchoro wa gari hilo hilo, namba hiyo inaweza kukupeleka pabaya. Magari mengi ya zamani zaidi hutumia waya mmoja kwenye pini ya 7, na huko pia kifaa kimoja kikiuvuta waya chini, vyote vinanyamaza.

Pale boksi linapokuwa bovu kweli

Umeme wenye mzigo ni mzuri, ethi zote ni nzuri, volti 5 hazitoki hata sensa zikiwa zimechomolewa, mtandao ni mzima hadi kwenye pini. Sasa fungua boksi. Tafuta ukungu mweupe wa maji, njia za shaba zilizoungua, harufu ya moshi. Katika maboksi ya miaka ya 1990 angalia kapasita. Maji yao huvuja, hula bodi ya saketi na huacha doa. Mengi ya hayo hutengenezeka na fundi wa elektroniki mwenye mkono mzuri.

Uliza pia kilichotangulia. Betri iliwahi kufungwa kinyume? Gari lilichomelewa bila betri kuchomolewa? Na kabla ya kufunga boksi lingine, pima koili za moto na nozeli. Nozeli nyingi za petroli za kawaida husoma kati ya omu 11 na 16. Iliyopiga shoti itasoma chini sana, na inaweza kuwa ndiyo iliyounguza transista ya boksi la kwanza. Boksi jipya likifungwa juu yake litafuata njia ile ile.

Boksi la mtumba lenye namba sawa ya sehemu si la kuchomeka na kuondoka. Ndani lina data ya imobilaiza ya gari lingine, namba ya chasisi, na pengine mpangilio wa gia au vifaa ambavyo gari lako halina. Kuna njia mbili: kuliprogramu kwa mashine inayokubaliwa na mtengenezaji, au kuhamisha data kutoka kwenye kumbukumbu ya boksi la zamani. Njia ya pili inawezekana mara nyingi hata boksi la zamani likiwa limekufa, kwa kuwa chipu ya kumbukumbu huweza kusomeka peke yake. Kwa hiyo usilitupe boksi bovu wala usiliache gereji. Na wakati wa kuprogramu, fungia betri chaja inayotoa volti tulivu. Volti zikishuka katikati ya uandishi, programu inaweza kubaki nusu, na boksi lililokuwa zima likaacha kujibu.